Mzee Faruk Yu Hai, Mazishi Saa Kumi

Habari hii nimepewa na Zulaikha wa Kansanga, mwaka huu, juma la kwanza baada ya Idi, tulipokuwa tumekaa uani kwake tukichambua mchele. Yeye naye, isipokuwa ya kazini aliyoambiwa na mpangaji wake, hakusimuliwa na mtu. Nusu ya habari ilitokea kwenye ua ule ule, na nusu aliisikia kama walivyoisikia watu wote wa mtaa, kwa vipaza sauti. Naiandika polepole kama alivyoisema, maana ukiiharakisha inaharibika.

Zulaikha ana mpangaji, mama mmoja Mkenya, jina lake Dolphine Awiti. Dolphine anafanya kazi kwa Abdul-Karim, mwenye kizindaalo. Kampala yote inajua kizindaalo ni nini: mlingoti mrefu, vipaza sauti vinne vimetazama pande nne, na chini yake chumba. Cha Abdul-Karim kina vyumba viwili, juu ya duka la simenti. Mtu akifiwa, akipotelewa na mtoto, au akiokota mbuzi asiyemjua, hupanda ngazi akaeleza. Chumba cha kwanza Dolphine anachapa tangazo. Chumba cha pili Olweny analisoma, na mtaa mzima unasikia, upende usipende.

Huyo Olweny alikuwa polisi miaka ishirini, kazi yake kusoma orodha ya zamu asubuhi. Sauti yake haipandi wala haishuki. Harusi anaisoma vile vile anavyosoma mafuriko. Watu wanampenda kwa hilo. Wanasema huyu haongezi chumvi.

Sasa, kompyuta pale ni moja, ila ina vioo viwili: kimoja mbele ya Dolphine, kingine kimepitishiwa waya ukutani mpaka kwa Olweny. Ndani ya kompyuta mna programu mbili, zote kazi ya Ojera, fundi wa Katwe, ingawa alizitengeneza miaka tofauti. Ya kwanza ni ya kuandikia. Ya pili ni ya kusomea. Na katikati yao, humo humo ndani, kuna mahali pa shirika, tuseme ubao mmoja. Ya kwanza inaandika ubaoni, ya pili inachungulia ubao na kumwonyesha Olweny ilichokiona. Ubao una mistari mitatu: nani anatangaza, anatangaza nini, wapi na saa ngapi. Tangazo jipya linaandikwa juu ya la zamani, mstari baada ya mstari, kuanzia juu kwenda chini.

Hapo mwanzo Dolphine akimaliza kuandika aligonga ukuta, ko ko, Olweny akabonyeza kitufe, tangazo likamjia. Mambo yalikwenda vizuri. Lakini ile ko ko iliingia kwenye maikrofoni ikatoka nje, na mama mmoja wa karibu akawa anakwenda kufungua mlango wake mara tano kwa siku. Alipopanda ngazi kulalamika, Abdul-Karim akapiga marufuku kugonga. Ojera akaitwa, akaifundisha programu ya pili ichungulie ubao yenyewe, kila baada ya muda mfupi, ikiona kitu kipya imletee Olweny. Watu wote wakaridhika. Hakuna aliyeuliza ikichungulia wakati Dolphine bado anaandika itaona nini.

Jumatatu moja asubuhi kulikuwa na msiba, mzee Bakhit amefariki, Mungu amrehemu. Dolphine akachapa, Olweny akasoma. Tangazo lililofuata lilikuwa la Mzee Faruk, dereva wa lori aliyestaafu, aliyepotelewa na kondoo dume. Alikuwa ameliacha kwenye karatasi akaenda zake kunyolewa. Dolphine akaandika mstari wa kwanza: Familia ya Mzee Faruk. Mara mvua ikashuka juu ya bati kama kokoto. Akainuka kufunga madirisha, yako matatu, na moja bawaba yake ni mbovu. Akarudi, akaandika mstari wa pili na wa tatu, kondoo na rangi yake na pembe yake moja, akaendelea na kazi. Kwa mvua ile hakusikia kitu.

Mtaa ulisikia. Olweny alisoma kwamba familia ya Mzee Faruk inasikitika kutangaza kifo cha baba yao mpendwa, mazishi ni leo saa kumi, baada ya swala ya Alasiri. Kisha, baada ya dakika tatu, kwa sauti ile ile, akasoma kwamba familia ya Mzee Faruk imepotelewa na kondoo dume mwenye pembe moja.

Faruk alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kidevu ina povu. Aliposikia tangazo la kwanza alisema sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea, akamwuliza kinyozi ni Faruk yupi huyo, maana angependa kwenda kuzika. Aliposikia la kondoo akajua Faruk ni yeye. Kisha kinyozi akamwuliza kama amalize upande wa pili.

Alipofika kwake alikuta viti vya plastiki vimepangwa, kuni zimeletwa, na wazee sita wanabishana juu ya nani atamwosha. Kondoo naye alikuwapo. Alirudi mwenyewe, labda kwa kuona watu wengi. Faruk akawaambia wazee yeye hakufa. Wakamwangalia, wakakubali, lakini kwa kuwa chai ilikuwa imekwisha kutiwa majani, wakakaa mpaka Alasiri.

Abdul-Karim alipanda ngazi mbili mbili. Akatazama kioo cha Dolphine: kondoo dume, pembe moja. Akaenda akatazama kioo cha Olweny: kondoo dume, pembe moja. Hakuna kosa popote. Akauliza basi nani ameua mtu.

"Nimesoma kilichoandikwa, Hajji," akasema Olweny.

"Na mimi niliandika kondoo," akasema Dolphine.

Wote wawili walisema kweli, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Abdul-Karim akafikiri. Olweny hajawahi kukosea hata siku moja katika miaka yote, na kabla ya hapo alikuwa serikalini. Akamgeukia Dolphine, akamwambia awe mwangalifu.

Jumanne tangazo la masahihisho likaletwa, Faruk mwenyewe kalitunga. Na Dolphine alikuwa mwangalifu kweli. Uangalifu ndio uliomponza. Aliandika mstari wa kwanza, akausoma herufi kwa herufi. Akaandika wa pili, akaurudia mara tatu, kidole kwenye kioo. Mtu anayeandika haraka huenda angepona, lakini yeye alikawia hapo katikati kama anayepita kwenye tope na viatu vya kanisani. Mstari wa tatu ulikuwa bado una maneno ya asubuhi, ya maiti mwingine, mwanamke wa upande wa Ggaba. Safari hii mvua haikuwapo, na akaisikia sauti ya Olweny ikitoka nje ya dirisha na kuenea Kansanga yote:

"Mzee Faruk wa Kansanga. Yu hai, ni mzima wa afya, hakufa. Mazishi ni leo saa kumi. Jirani wote mnaombwa kufika."

Waliofika siku ile walikuwa wachache kuliko wa Jumatatu, ila walikuwa na msimamo. Mzee mmoja alisema yeye hana ugomvi na mtu kuwa hai, lakini kama ni hai na bado anazikwa saa kumi, basi lazima aje mwanachuoni aeleze. Faruk alifunga mlango kwa ndani na kuongea nao kupitia dirishani.

Dolphine alipokwisha kulia kidogo chooni na kunawa uso, alikuta Abdul-Karim anamngoja mezani. Hakupaza sauti. Alisema kizindaalo ni neno la mtu, na neno likishaharibika hata ukitangaza moto watu watabaki wamekaa ndani. "Ijumaa baada ya swala," akamwambia, "nataka Mzee Faruk awe hai bila mazishi. Ikishindikana, mama, mimi natafuta mkono mwingine."

Huo ndio mkono uliomlisha Dolphine na watoto wake wawili walioko Kisumu kwa bibi yao. Lakini alisema baadaye kwa Zulaikha kwamba hata kazi haikumwuma kama jina. Mtaani walikuwa wamekwisha kumwita Mkenya Anayeua. Muuza nyanya, aliyekuwa rafiki yake, alimwuzia nyanya vizuri, akamwongeza moja, kisha akamwinamia sikioni: "Bambi, tafadhali, mama, mimi usiniandike jina. Hata kwa mazuri usiniandike."

Jumatano akaja Ojera kutoka Katwe na mfuko wake. Akafunga programu ya kusomea, akaijaribu ile ya kuandikia peke yake. Akaandika, akafuta, akaandika. Akasema hii nzima. Akaifunga, akafungua ya kusomea peke yake, akaiwekea maneno tayari. Akasema hii pia nzima. Alikuwa kama daktari anayepima mume Jumatatu na mke Jumanne, kisha anashangaa wanagombana vipi.

"Na zikiwa pamoja?" akauliza Dolphine.

"Pamoja vipi?"

"Zote zimefunguliwa. Mimi naandika, hii inachungulia."

Ojera akamweleza kwa upole kwamba kila moja amekwisha kuipima, na zote ni nzima, na nzima ukijumlisha na nzima unapata nzima. Pale Katwe ana kioo kimoja tu, hajawahi kuziona pamoja. Akafunga mfuko wake. Alipokuwa mlangoni akamwambia Dolphine apumzike, pengine ni macho.

Alhamisi ikafika, kazi ikasimamishwa mchana, na Dolphine akarudi nyumbani mapema. Kwa Zulaikha kulikuwa na dua ya mwaka ya marehemu mumewe, wageni kama thelathini, wanaume sebuleni, wanawake jikoni na uani. Dolphine, ambaye si Mwislamu lakini ni mpangaji wa miaka minne, alipewa vitunguu akakata, ingawa akili haikuwapo.

Nyumba ile ina utaratibu wake, wa Kinubi, tangu kwa mama yake Zulaikha. Kati ya jikoni na sebule kuna meza ndogo ukumbini. Wanawake wanapakua kwenye sinia pale mezani, na Hamim, mtoto mkubwa wa Zulaikha, mtu mzima mwenye ndevu na mke, ndiye anayebeba kwenda kwa wageni. Dolphine akaona sinia liko mezani, wali umejaa, unatoa moshi. Sebuleni wazee wanakohoa kikohozi cha njaa. Hamim amesimama kando ya sinia, mikono nyuma, hagusi. Zulaikha yuko jikoni anatafuta mwiko wa nyama.

Dolphine akamwuliza mbona habebi na wageni wanangoja.

"Halina kawa," akasema Hamim.

Kawa ni kile kifuniko cha ukindu, chenye rangi, wanachosuka wao wenyewe. Dolphine alikuwa amekiona miaka yote minne akidhani ni cha nzi.

"Sinia bila kawa, mama bado anapakua," akaeleza Hamim. "Akifunika, nimebeba. Nikishafikisha, kawa narudisha jikoni. Kabla sijarudisha, na yeye hapakui lingine. Ndiyo hivyo."

"Na ukibeba kabla halijafunikwa?"

"Nilibeba mara moja, nina miaka tisa. Wazee wakala wali mkavu, nyama ikabaki huku." Akatazama mlango wa sebule. "Mjomba wangu yule wa koti la kijivu hajasahau mpaka leo."

Zulaikha akaja na nyama, akapanga, akatia mchuzi, akafunika. Hamim akabeba. Zulaikha akasimama na mwiko mkononi, sufuria imejaa, meza tupu, hafanyi kitu, anangoja kawa. Likarudi, akaanza sinia la pili. Dolphine akaweka kisu chini. Zulaikha anasema alidhani amejikata. Alikuwa amesimama tu, anaitazama ile meza ndogo ya ukumbini, machozi ya vitunguu yanamtoka.

Alimpigia simu Ojera pale pale. Ojera akasema yuko na gari la mtu limefunguliwa. Dolphine akamwambia afunge gari la mtu aje ale wali. Akaja. Alipewa sahani, na wakati anakula Dolphine alimweleza: ubao ni sinia, mimi ni jikoni, Olweny ni sebule, na programu yako ya pili ni Hamim wa miaka tisa. Ojera akatafuna. Akasema ubao hauna kawa. Dolphine akasema ndiyo hiyo. Ojera akatafuna tena, akasema basi hiyo ni kitu ndogo, kana kwamba alikuwa anaijua tangu Jumatano.

Ijumaa saa nne asubuhi ikawa tayari. Kwenye ubao akaongeza alama moja ndogo, ndiyo kawa. Dolphine akimaliza mistari yote mitatu anabonyeza, kawa linafunika, na hapo tu ndipo programu ya Olweny inaruhusiwa kutazama. Olweny akimaliza kusoma anabonyeza kwake, kawa linarudi kwa Dolphine, na hapo tu ndipo programu yake inamruhusu kuandika lingine. Ojera akawasha programu zote mbili pamoja, mara ya kwanza katika maisha yake, akakaa kando.

Ikawa kimya. Dolphine alijaribu kuandika, herufi haziingii. Upande wa pili wa ukuta Olweny alikaa wima mbele ya kioo kitupu, mikono magotini, kama alivyokaa kituoni. Nusu saa. Mtaani watu walianza kutazamana, maana kizindaalo hakijawahi kunyamaza nusu saa mchana isipokuwa umeme umekatika, na umeme ulikuwapo. Muuza nyanya alisema labda safari hii amekufa Olweny.

Ojera alisema kila programu ni nzima. Programu ya Dolphine inangoja irudishiwe kawa. Programu ya Olweny inangoja kawa lifunike. Zote zina adabu. Ndiyo maana haziendi.

Ilikuwa saa tano, na swala ya Ijumaa haichelewi. Dolphine akampigia simu Zulaikha, aliyekuwa anaosha masinia ya jana, akamwuliza kawa huwa linalala wapi.

"Linalala vipi?"

"Usiku, Mama. Kabla hamjaanza kupika chochote. Nani anakuwa nalo?"

"Jikoni," akasema Zulaikha. "Litalala wapi tena? Likilala sebuleni mimi nitaanzaje kupakua?"

Dolphine akaweka simu mezani, akamgeukia Ojera. "Umewasha nyumba, kawa hukumpa mtu yeyote."

Ojera alijikuna shingo. Akaandika kitu kifupi, hata si mstari mzima: kila kompyuta inapowashwa, kawa lianze kwa Dolphine. Akazima, akawasha. Herufi zikaingia.

Baada ya swala akaja Abdul-Karim, na nyuma yake Mzee Faruk, kanzu nyeupe, amebeba kiti chake mwenyewe ngazi zote. Alikiweka nyuma ya Dolphine akakaa. Alisema ametangazwa mara mbili akiwa hayupo, safari hii atakuwapo. Kabla yao Dolphine alikuwa ameruhusu tangazo moja, la mazishi ya kweli ya saa kumi, makusudi. Alitaka ubao uwe na mazishi. Abdul-Karim alipolisikia hilo alifumba macho.

Dolphine akaandika mstari wa kwanza: Mzee Faruk wa Kansanga. Akaandika wa pili: yu hai, ni mzima wa afya. Kisha akatoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani. Mstari wa tatu ulikuwa bado na mazishi yake. Akainuka, akaenda dirishani, akafungua lile lenye bawaba mbovu, akalifunga. Akamimina maji kwenye kikombe. Mengine yakamwagika sakafuni.

"Binti, mbona umesimama?" akauliza Faruk.

"Nangoja, Mzee. Tuone kama watakuzika."

Wakangoja wote wanne, Ojera naye akiwamo. Nje pikipiki zilipita. Dakika moja, ya pili, ya tano. Kioo cha Olweny kilibaki kitupu, na Olweny kwa kuwa hakuna kilichoandikwa hakusoma kitu. Faruk alikuwa anahesabu tasbihi polepole. Dolphine akanywa maji yote, akarudi kukaa, akaufuta mstari wa tatu, akauandika upya kama Faruk alivyotaka, akausoma mara moja tu. Akabonyeza kawa.

"Mzee Faruk wa Kansanga," akasema Olweny, pande nne za mtaa. "Yu hai, ni mzima wa afya. Anapatikana nyumbani kwake, saa zote, isipokuwa saa za swala."

Faruk aliomba isomwe tena. Olweny akasoma tena, vile vile. Faruk akasema sasa imekaa sawa, ingawa angependa pale kwenye afya waongeze alhamdulillahi. Abdul-Karim alimjibu kwamba hilo ni tangazo lingine, na mtu asiombe makubwa siku moja. Kisha akasimama mbele ya meza ya Dolphine, akatazama kioo, akatazama kibodi, akatazama maji sakafuni.

"Jumatatu saa mbili," akamwambia. "Usichelewe." Akashuka ngazi. Kwa Abdul-Karim hilo ni pole, na ni samahani, na ni asante, yote katika sahani moja.

Faruk alilala pale pale kwenye kiti chake, kidevu kifuani, na Olweny alipotoka chumbani kwake akamtazama kwa muda mrefu, akainama kusikia kama anapumua, akaridhika, akaenda kulala kwake, kwani alikuwa na zamu ya jioni. Ojera alirudi Katwe, akaingia chini ya lile gari la mtu, akasinzia humo.

Dolphine alitembea mpaka nyumbani. Watu walimsalimia njiani naye akaitikia, hakumbuki ni nani na nani. Hakuwa amelala sawasawa tangu Jumatatu. Zulaikha alimwona anapita uani akamwambia kuna chakula, akasema anakuja. Jua lilikuwa bado juu. Akaingia chumbani, akaketi kitandani, akavua kiatu kimoja, akakishika mkononi ili apumue kidogo kabla ya kuvua cha pili, na usingizi ukamchukua hivyo hivyo.